Mmoja Wenu Amlishe

Watu wa mtaa ule walikuwa na maoni mengi kuhusu mwanamke anayefuga farasi, na hakuna hata moja lililoombwa. Mwenye duka la kona alisema huko ni kujitafutia makuu. Jirani wa ukuta mmoja alisema ni uchawi, kisha akasema anatania, kisha akauliza kama samadi inauzwa. Shemeji mtu, kila alipokuja kula mchana wa Jumapili, alivuta kiti, akajipapasa tumbo na kumkumbusha kuwa wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Mwanzoni mwanamke alicheka kwa adabu. Baadaye akamjibu, "Mimi farasi ninaye mmoja, shemeji. Wa pili ni hii nyumba." Siku hiyo shemeji alicheka peke yake.

Walimwita Mama Meno, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, chumba kisicho na dirisha la maana, chenye harufu ya nta iliyoyeyuka na vumbi jeupe la plasta linaloingia hadi kwenye kope. Daktari alikuwa mbele, karibu na kiti kinachopanda na kushuka, akipokea shukrani. Huku nyuma Mama Meno alichonga, akasugua, akapanga jino baada ya jino kwenye ufizi wa waridi, akikodolea kila moja jicho la mashaka. Aliweza kukutana na mzee asiyemjua sokoni, akamwona akicheka, akajisemea moyoni: hayo yangu, seti ya juu. Mikono yake ilikuwa mitulivu. Moyo wake, hapana.

Maana alikuwa mtu wa hasira, na tuliseme hilo mapema asije mtu akadai alifichwa. Lakini hakuwa wa kuvunja sahani. Alikuwa wa kumeza. Alimeza asubuhi akiwa anatafuta soksi ya mtu mwingine, alimeza mchana daktari alipomletea kazi ya haraka iliyolala mezani kwake wiki nzima, na usiku alilala amekunja vidole. Mtu akimuuliza una nini, alijibu sina kitu. Nao wakamwamini, kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi zaidi.

Habari ya farasi ilianza kwa baba yake. Mzee huyo alikuwa saisi, mtunza farasi katika shule ya kupanda farasi nje ya mji, na binti yake alikulia kati ya ndoo na matandiko. Watoto wa wenye nazo walipomaliza masomo yao na kurudi kwenye magari, yeye ndiye aliyepewa farasi wenye jasho awatembeze mpaka wapoe. Akitoka machoni pa watu, alipanda. Hakuwahi kulipiwa somo hata moja, na hakuna mwanafunzi pale aliyekaa juu ya mgongo wa farasi vizuri kuliko yeye. Baba yake aliliona hilo akalinyamazia. Alichomfundisha kwa mdomo kilikuwa kimoja tu, naye alikirudia mpaka akamchosha: farasi hawezi kutapika. Mbwa akila vibaya atatapika, paka atatapika, hata mlevi atatapika. Farasi akimeza, amemeza.

Miaka ilipita, mzee akafariki, binti akaolewa, shule ile ikafungwa. Farasi wote walipata wanunuzi isipokuwa jike mmoja wa rangi ya kahawia, mwenye kichwa kikubwa na tabia ya kuuma watu wanaomkagua. Mwenye shule alimpigia simu Mama Meno akamwambia, mchukue bure, la sivyo Jumatatu anakwenda machinjoni. Akamchukua. Akampa jina la Kiporo, kwa vile alikuwa ndiye aliyebaki chunguni baada ya wote kupakuliwa, na kiporo, kama mjuavyo, kikipashwa vizuri huwa kitamu kuliko kilivyokuwa jana. Alimweka kwenye kiwanda cha mbao kilichokufa, mwendo mfupi kutoka nyumbani, ambako mjane mwenye kiwanja alimwachia banda moja ili mahali pasionekane hapana mwenyewe.

Mume wake, msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, mtu mpole asiyependa makuu wala makubwa, alikubali kwa sharti moja. Alisema sawa, ilmradi nyumba isiyumbe. Maneno hayo alimwambia mara moja tu na huenda aliyasahau kabla ya kulala. Yeye aliyabeba miaka. Kila alipofunga tandiko aliyasikia. Mume alikwenda kutazama mpira kila wiki na marafiki zake wa ghalani, na hakuna aliyewahi kumwambia aende, ilmradi nyumba isiyumbe.

Basi alihakikisha haiyumbi. Kabla jua halijachomoza alikuwa bandani anazoa samadi. Alimpanda Kiporo kwenye njia ya zamani ya reli, iliyobaki changarawe na magugu, akaenda mpaka daraja bovu na kurudi, na muda huo mfupi ndio uliomfanya aweze kuishi na watu. Kisha mbio nyumbani. Chai. Vidonge vya presha vya mama mkwe. Fulana ya michezo ya kifungua mimba, kijana aliyekuwa ameota ndevu tatu na kiburi cha mia. Nywele za kitinda mimba, binti mdogo ambaye hakuweza kusukwa bila kusimulia ndoto nzima. Akifika kazini ananuka farasi na sabuni, akirudi nyumbani ananuka nta, na katikati ya harufu hizo hakuna aliyewahi kumuuliza amekula saa ngapi.

Lakini kazi za mikono hazikuwa ndizo zilizomchosha. Kilichomchosha ni maneno. Mume na mama yake hawakuwa wakisemeshana sawasawa tangu walipogombana juu ya kuuzwa kwa nyumba ya marehemu baba mkwe. Kijana hakusema na baba yake ila kwa mabega. Kwa hiyo kila neno la nyumba ile lilipitia kwake. Mwambie mama dawa yake imeisha. Mwambie mwanangu aache kufunga mlango kwa nguvu. Mama, mwambie baba nahitaji viatu. Mama, mwambie bibi asiingie chumbani kwangu. Walikuwa wameketi meza moja, wanapeana chumvi, na bado walimtuma yeye. Nyumba ilikuwa na watu watano na bomba moja, na bomba likiziba kidogo wote walilalamika kiu.

Mwaka ule Mama Meno alijiandikisha kwenye mashindano ya masafa marefu, yale ambayo farasi na mpandaji hutembea kutwa nzima vilimani na kupimwa mapigo ya moyo kwenye vituo. Hakuwa na hamu ya kushinda. Alitaka kumaliza. Alitaka siku moja kamili, kutoka alfajiri mpaka jioni, juu ya farasi wake mwenyewe, yeye mtoto wa saisi, pamoja na wale waliokuwa wakimwachia farasi wa kupoza. Alimwandaa Kiporo kwa miezi, kidogo kidogo, mpaka yule jike akawa na kifua kipana na hasira ya kupendeza. Siku ikakaribia. Ilibaki wiki moja na kidogo.

Ndipo Alhamisi ile bomba likapasuka. Walikuwa mezani kwa chakula cha jioni. Kijana alimwomba amwambie baba, baba naye alimwomba amwambie kijana, kwa wakati mmoja, jambo lile lile. Mama Meno akaweka kijiko chini. Aliwaambia, bila kupandisha sauti, kwamba tangu amlete Kiporo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumpelekea ndoo ya maji. Kwamba yeye anakwenda kwenye mazoezi yao, mikutano yao ya shule, hospitali zao, na wao hawajui hata farasi anakula nini. Kwamba amechoka. Kisha akaosha vyombo peke yake, huku nyuma yake watu wanne wametulia kama walionyeshewa mvua.

Yalichoma, hayo maneno. Hatuwezi kusema hawakuwa na moyo. Walikuwa nao, tena kila mmoja wake.

Jumamosi kliniki ilimpeleka mji wa pili na daktari, kuwavisha meno mapya wazee wa nyumba ya kulelea. Alfajiri alimpa Kiporo chakula cha asubuhi, akamwekea nyasi kavu, akarudi nyumbani kubadili nguo. Wote wanne walikuwa jikoni. Akasimama mlangoni na mkoba begani, akawaambia, "Leo nitachelewa. Mmoja wenu amlishe Kiporo alasiri. Shayiri, ndoo ile ndogo, moja, basi." Wote wakaitikia kwa pamoja mithili ya darasa. Hakutaja jina la mtu, na kwa makusudi. Kutaja jina ni kupanga, na kupanga ndiko kulikokuwa kumemfikisha pale. Alitaka mara moja tu katika maisha yake watu hawa waangaliane usoni na kuulizana: nani anakwenda?

Hawakuulizana. Hakuna nyumba nyingine ambako jambo lile lingetokea hivyo, lakini kwao lilikuwa la kawaida kabisa. Waliozoea kupitishia kila neno kwa mtu mmoja, mtu huyo akiondoka, hawana pa kulipitishia.

Wa kwanza alikuwa kitinda mimba. Alikwenda mchana baada ya kula, mapema mno, kwa kuogopa asitanguliwe. Akamwaga ndoo ndogo kwenye hori, akamsimulia Kiporo ndoto yake, akaondoka anaruka. Kiporo akalamba hori ile mpaka ikang'aa. Kisha akaja bibi mtu, amejifunga kanga kiunoni, anatembea kwa shida na magoti yake. Akaona hori tupu. Akasikitika. Akasema moyoni, masikini mnyama, wamemsahau, nilijua watamsahau, na akampa ndoo, na juu yake mfuko wa mkate mkavu aliokuwa ameuweka akiba. Baada yake akaja kijana, vipokea sauti masikioni, akaikuta hori tupu na farasi anayemtazama kwa macho ya yatima. Kiporo alikuwa mwongo wa kuzaliwa. Kijana akampa ndoo. Wa mwisho alikuwa baba mtu mwenyewe, katoroka kwenye mpira kabla haujaisha, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa. Aliitazama ndoo ndogo, akautazama mwili wa farasi, akaona hapana, haviendani. Akachukua ndoo kubwa.

Kila mmoja alirudi nyumbani na siri yake tamu. Walikaa sebule moja, televisheni ikiwaka, kila mmoja akingoja mama arudi amwambie.

Mama Meno hakupitia nyumbani. Gari la kliniki lilimshusha kwenye geti la kiwanda, jua likiwa bado juu ya mapaa. Kabla hajafika bandani alisikia kwato zikichimba sakafu, na akajua. Kiporo alikuwa ameloa jasho shingoni, anageuza kichwa kutazama ubavu wake, anakunja magoti apate kulala, anasimama tena. Mama Meno akaweka sikio kwenye ubavu ule. Palikuwa kimya. Tumbo la farasi halinyamazi hata akilala, na lile lilikuwa limenyamaza.

Alimfunga kamba, akamtoa nje, akaanza kumtembeza kati ya magogo yaliyooza, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine simu. Alimpigia daktari wa mifugo. Kisha akapiga nyumbani, akauliza nani kamlisha Kiporo. Kitinda mimba ndiye aliyepokea. "Mimi, mama," akasema kwa furaha. Nyuma yake ikasikika sauti ya bibi ikiuliza, wewe lini? Kisha sauti ya kijana. Kisha mume akachukua simu, na kwa sauti ya mtu anayeteremka ngazi gizani akasema, "Mke wangu. Nadhani tumemlisha wote."

Akakata simu. Hakuwa na neno ambalo lisingeunguza simu. Aliendelea kutembea. Alipofika kwenye ukuta aligeuka, alipofika kwenye geti aligeuka, na kila alipogeuka hasira iligeuka naye. Wangekuwa wamemsahau farasi kabisa, angelala na njaa, kesho angekula. Kusahauliwa kulikuwa na dawa. Huku kupendwa kwa ghafla, na watu wanne wasiosemezana, hakukuwa na dawa. Akawaza kwamba hata wakitaka kumfanyia wema, hawawezi mpaka yeye awepo kuwagawia.

Daktari wa mifugo alifika na pikipiki, mtu mfupi mwenye buti ndefu, na wakati huohuo familia nzima ikaingia getini, bibi nyuma anahema. Daktari alipima mapigo, akainua mdomo wa farasi akatazama fizi, akauliza amekula nini na kiasi gani. Wakaanza kueleza wote pamoja. Aliposikia mpaka mkate, akavua kofia. "Manahodha wengi," akasema. "Nyumba yenu haina simu?" Kisha akampitishia Kiporo mrija puani hadi tumboni, akamimina maji ya uvuguvugu na mafuta, naye Mama Meno akashika kichwa kile kikubwa kwa mikono yote miwili. Hakumruhusu mwingine akiguse. Mume alisogea amsaidie, akaona macho yake, akarudi nyuma.

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa juu ya gogo, akamwambia kwa upole kwamba mwanangu, hasira hasara. Akamjibu kimoyomoyo kwamba hasara imeshatangulia, acha hasira ifuate.

Jua lilipozama tumbo lilianza kunguruma. Farasi akatoa samadi kidogo, na Mama Meno, ambaye hakuwa amelia tangu mazishi ya baba yake, alilia kwa ajili ya samadi. Wengine walidhani yamekwisha. Kitinda mimba akapiga makofi. Daktari alipokuwa anafunga mkoba alimvuta mwenye farasi kando, akamwambia aziangalie kwato. Chakula kingi kile, alisema, kikitoka tumboni hushukia miguuni.

Kikashuka. Siku ya tatu Kiporo alikataa kutoka bandani. Alisimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameinyoosha mbali, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto na hawezi kuliruka. Ukimwekea kiganja kwenye ukwato, uliunguza. Daktari alirudi, akabonyeza, akatikisa kichwa. Mashindano yasahau, alisema. Mwaka huu usimpande kabisa. Baada ya hapo tutaona, na mimi sitaki kukudanganya, wengine hawapandiki tena. Kwa sasa ni maji baridi kwenye miguu, mara nne kwa siku, bila kukosa, hadi moto utoke.

Mama Meno alikwenda kazini siku hiyo akachonga meno ya mtu mwenye taya dogo, na hayakuhitaji kurekebishwa hata kidogo.

Jioni watoto walipokuwa wameondoka mezani, mume alimmiminia chai mwenyewe. Alikuwa amejiandaa, ilionekana. Alianza kwa kuomba radhi, na aliomba vizuri, kwa moyo wake wote. Kisha akaongeza kwamba amekuwa akifikiri. Labda si vibaya sana. Amebeba mengi kwa miaka mingi, kila mtu anaona. Labda Mungu mwenyewe kaona. "Sasa utapata nafasi ya kupumzika," akasema.

Alimtazama mtu huyu mpole, aliyemwoa, ambaye yeye alimzalia watoto wawili, na akaona kwamba anasema kweli yake yote. Miaka yote hiyo aliamini farasi ndiye mzigo. Waliamini hivyo wote, tangu shemeji mpaka mwenye duka. Mama kachoka, mtoe farasi, mama atapumzika. Safari hii hakumeza.

"Nipumzike na nini?" akasema. "Nikiwa juu ya yule farasi ndipo hakuna mtu anayeniuliza kitu. Hayo ndiyo mapumziko yangu. Nyinyi ndio kazi."

Mume akasema kwa sauti ndogo kwamba walitaka kumsaidia.

"Hamkutaka kunisaidia. Kila mmoja alitaka awe yeye aliyesaidia. Mngetaka kunisaidia mngeulizana." Akasukuma kikombe kando. "Watu wanne mmekaa sebuleni na siri moja. Mama yako umbali wa kiti kutoka kwako. Hukuweza kumwambia, mama, nimemlisha farasi. Ulikuwa unaningoja mimi nije nimwambie."

Mlangoni mama mkwe alikuwa amesimama na glasi yake ya maji ya dawa. Alikuwa amesikia yote. Mama Meno hakulaani bahati mbaya hiyo. Aligeuka akawaambia wote wawili kwamba yeye ataosha miguu ya Kiporo alfajiri. Mara tatu zilizobaki ni zao. Hatapanga zamu, hatakumbusha, hatabeba salamu. Atakayemuuliza leo ni zamu ya nani, jibu ni kwamba hajui.

Msidhani walibadilika. Watu hawabadiliki kwa hotuba moja ya jikoni. Siku ya kwanza mchana walikwenda wawili wakamwosha mara mbili, na jioni hakwenda mtu. Mama Meno alikuta ndoo kavu na farasi anatetemeka. Akamwosha mwenyewe, anatukana kwa maneno aliyojifunza kwa masaisi, maana angefanya nini, mguu uliokuwa unaungua haukuwa wa mume wake. Hapo ndipo ilipomuuma zaidi. Akilegea, anarudi kuwa bomba. Asipolegea, anayelipa ni Kiporo. Asubuhi kwenye chai alisema jambo moja tu: jana jioni hakuna aliyekwenda. Akaondoka. Nyuma yake alisikia kiti kikiburuzwa, na sauti ya kijana ikianza kusema kitu, na hakusubiri kusikia ni kwa nani.

Siku ya mashindano alikwenda. Waandaaji walikuwa wamemwomba asimamie kituo cha kupimia mapigo, na alikubali kwa sababu kukaa nyumbani kungemuua. Simu aliiacha imezimwa mfukoni. Alisimama kwenye vumbi kutwa, akiweka kipimo kwenye vifua vya farasi wa watu, akihesabu, akiita namba, akiwapisha. Wanawake wa rika lake walipita mbele yake wamechafuka, wamechoka, wanacheka. Mmoja alimuuliza kama yeye hapandi. Akamwambia ninapanda, farasi wangu anaumwa. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, ninapanda, alilazimika kugeuka akajifanya anatafuta maji.

Alirudi jioni kwa miguu, moja kwa moja kiwandani. Kabla ya kufika getini alisikia makelele, akasimama nyuma ya nguzo.

Mume wake alikuwa amesimama katikati ya uwanja, suruali imekunjwa hadi magotini, imeloa. "Mama, ulisema utakuja saa tisa," alikuwa anasema. "Mimi nikakuamini nikaenda zangu." Na mama yake, juu ya gogo lake, akamjibu kwamba saa tisa alikuwa ameketi hapa hapa anamngoja mtu wa kumshikia ndoo, kwa sababu yeye ana magoti si vyuma, na mwanawe ana miaka hajui mama yake ana magoti. Kijana akaingilia akasema angeambiwa angeshika yeye. "Basi sasa nakuambia," baba akasema. Kijana akasema sawa, lakini usinipigie kelele. Baba akasema sikupigii kelele. Bibi akasema unampigia. Ulikuwa ugomvi mbaya, wa miaka, wenye nyumba ya marehemu ndani yake, na wote watatu walikuwa wakitazamana machoni.

Kitinda mimba ndiye aliyemwona. Akamkimbilia, akamshika mkono, macho yamejaa maji. Mama, akasema, mwambie bibi asimseme baba.

Alitaka kumwambia. Kila kiungo cha mwili wake kilikwishapiga hatua. Alijua maneno ya kumtuliza mama, na yale ya kumpoza mume, na jinsi ya kumgusa kijana bega ili asikie haya. Angeyamaliza yote kabla ya kufunga geti.

"Mwambie mwenyewe," akasema. "Yule pale."

Akawapita wote, wakiwa wamenyamaza kumtazama, akaingia bandani. Kiporo aligeuza kichwa chake kikubwa akajaribu kumuuma, kwa desturi tu. Mama Meno akachuchumaa kwenye majani yaliyoloa, akaweka kiganja juu ya ukwato wa mbele, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Nje ugomvi ukaanza upya, na sauti ya mtoto mdogo imo ndani yake. Ukwato ulikuwa bado wa moto.